Jezi ya mkia wa nyangumi: je, timu ya Hartford ilikufa au ilihama?

"Mtaalamu, huu ni mwaka wangu wa nne nikiishi Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Jirani yangu, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa akisafisha chumba cha chini cha nyumba yake, akanipa jezi ya kijani yenye mkia wa nyangumi, ya Whalers, timu ya zamani ya mji huu ya hoki ya barafuni, akasema ni ya kijana wangu. Nilipouliza kazini na nyumbani timu hiyo iliishia wapi, nikapata majibu matatu. Mmoja alisema paa la uwanja liliwaangukia watazamaji na timu ikafungiwa. Mwingine alisema walifilisika. Mwanangu naye anasema timu haijafa, ndiyo Carolina Hurricanes ya leo. Mzee mwenyewe alinionya nisilitaje jina la Carolina mbele yake. Sasa yuko mtu anayetaka kuinunua jezi hiyo, nami naogopa mambo mawili: kuuza kitu cha thamani kwa bei ya mtumba, na kumkosea mzee kwa kutojua. Ni kitu gani hasa kiliipata timu hii, na jezi niifanyeje?"

Ndugu yangu, nimekuelewa. Umepewa zawadi ambayo wenyeji wanaitazama kwa macho ya mfiwa, na hutaki kuishika vibaya. Nitaanza na majibu matatu uliyoyapata, kwa kuwa mawili kati yake si ya kweli na la tatu ni la kweli nusu, kisha tutarudi kwenye jezi yenyewe.

Habari ya paa ina asili ya kweli. Ukumbi wa Hartford Civic Center ulifunguliwa Januari 1975 katikati ya mji, ukaunganishwa na jengo la maduka, na timu ikaingia humo mwezi uleule. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, yapata saa kumi na robo, baada ya theluji nzito, paa lote liliporomoka hadi kwenye viti. Jioni iliyotangulia watu wapatao 5,000 walikuwa wamekaa chini ya paa hilo wakitazama mpira wa kikapu wa vyuo vikuu. Walikuwa wamekwenda zao nyumbani saa chache tu kabla, na hakuna hata mmoja aliyeumia. Kwa hiyo mwenzako wa kazini amechanganya hofu ya jambo lililokaribia kutokea na jambo lililotokea.

Sababu ya paa kuanguka inafundishwa hadi leo katika vyuo vya uhandisi. Paa lilikuwa kimia kikubwa cha vyuma, upana wa mita 91 na urefu wa mita 110 hivi, kilichokaa juu ya nguzo nne tu, na hesabu zake zilifanywa kwa kompyuta wakati ambapo jambo hilo lilikuwa bado geni. Chukua ufito mrefu, usimamishe, kisha ukandamize kwa juu: utaona unapinda ubavuni kabla haujavunjika. Ukiufunga katikati kwa ufito mwingine, kama wanavyofanya mafundi wa nyumba za udongo, utabeba mzigo mkubwa zaidi bila kupinda. Vyuma vya juu vya paa lile havikufungwa vya kutosha katikati, vikawa vinapinda pole pole tangu siku ya kwanza. Kimia kilipopandishwa juu ya nguzo, mlegeo wake ulipimwa ukakutwa karibu mara mbili ya ule uliotabiriwa, wahandisi wakaarifiwa, nao wakajibu kwamba hakuna tatizo. Theluji ya 1978 ilimalizia kazi iliyokwisha kuanza.

Hata hivyo timu haikufungiwa. Ilihamia Springfield, Massachusetts, mji ulio kilomita 40 hivi kaskazini, na mashabiki wakawa wanaifuata huko kwa barabara kuu namba 91, usiku wa baridi, msimu baada ya msimu, hadi ukumbi wa Hartford ulipofunguliwa upya tarehe 6 Februari 1980. Muulize mzee kama naye alikuwa akisafiri. Wale waliosafiri wanaitaja barabara ile kwa fahari kubwa, na nafikiri wana haki.

Sasa tuitazame timu yenyewe, maana bila kujua ilikozaliwa hutaelewa kwa nini iliondoka. Ilianza kucheza mwaka 1972 mjini Boston kwa jina la New England Whalers, yaani wavuvi wa nyangumi wa New England, eneo la majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jina lilichaguliwa kwa sababu mbili. Pwani ile iliishi kwa uvuvi wa nyangumi karne ya kumi na tisa, na bandari ya New London iliyo katika jimbo lako ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Isitoshe, herufi tatu za mwanzo za neno Whalers ndizo kifupisho cha ligi waliyocheza, WHA, ligi mpya iliyoundwa kushindana na NHL, ligi kongwe na kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kwa kuwachukua wachezaji wake kwa mishahara mikubwa. Whalers walitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo mwaka 1973 kwa kuwafunga Winnipeg Jets. Lakini mjini Boston walikuwa wapangaji katika mji wenye timu kongwe, Bruins, na ndiyo maana Hartford, mji mkuu wa jimbo na mji wa makampuni makubwa ya bima, ulipojenga ukumbi mpya, waliukimbilia.

WHA ilidumu misimu saba. Mwaka 1979 timu zake nne zilipokelewa NHL: Edmonton Oilers, Quebec Nordiques, Winnipeg Jets na Whalers, ambao kwa shinikizo la Bruins waliacha jina la New England wakawa Hartford Whalers. Masharti yalikuwa makali. Kila timu ililipa dola milioni 6, na timu za zamani za NHL ziliruhusiwa kuwarudisha wachezaji ambao haki zao zilikuwa bado mikononi mwao, huku kila timu ngeni ikiruhusiwa kuwakinga makipa wawili na wachezaji wengine wawili tu. Ukiona watu wanaicheka Whalers kwa kutofanya makubwa, kumbuka kwamba iliingia vitani ikiwa imenyang'anywa nusu ya silaha zake.

Hata hivyo msimu wa kwanza ulikuwa na jambo ambalo halijaonekana tena. Gordie Howe, aliyekuwa nyota wa Detroit tangu miaka ya 1940, alicheza mechi zote 80 za msimu huo, akatimiza miaka 52 kabla haujaisha, akafunga mabao 15. Wanawe wawili, Mark na Marty, walivaa jezi ileile ya kijani pamoja naye. Baba na wanawe kwenye barafu moja, katika ligi ya juu kabisa duniani. Sijui mchezo mwingine uliowahi kuwapa watazamaji zawadi ya namna hiyo.

Katika misimu 18 ya NHL Whalers walifika hatua ya mchujo mara nane na kuvuka raundi mara moja tu. Mara hiyo ilikuwa 1986: waliwatoa Quebec kwa mechi tatu mfululizo, kisha wakapambana na Montreal hadi mechi ya saba, wakafungwa 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza, bao la Claude Lemieux. Montreal wakaenda kutwaa Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa NHL. Hartford iliipokea timu iliyoshindwa kwa maandamano ya mji mzima, jambo ambalo watu wa miji mikubwa walilishangaa na wengine kulikebehi. Mimi naliona kuwa ufunguo wa swali lako. Mji huu umebanwa kati ya Boston na New York, watu wake wengi hutazama runinga za miji hiyo, na kila kitu chake kikubwa hulinganishwa na cha wengine. Timu ya Whalers ilikuwa kitu pekee cha ligi kuu kilichobeba jina la Hartford. Mwaka uliofuata walimaliza kileleni mwa kundi lao, mbele ya Montreal na Boston, na ilionekana kama zamu yao imefika.

Haikufika. Tarehe 4 Machi 1991 uongozi ulimpeleka Pittsburgh nahodha wa zamani Ron Francis, aliyechaguliwa na timu akiwa kijana mwaka 1981 na kukua mbele ya macho ya mji, pamoja na beki mkali Ulf Samuelsson. Pittsburgh walitwaa kombe mwaka huo na mwaka uliofuata. Mashabiki wengi wa umri wa jirani yako huitaja siku hiyo kabla ya kuitaja siku ya kuondoka kwa timu, kwa sababu ndiyo siku waliyoacha kuwaamini wenye timu. Kuanzia msimu wa 1992-93 Whalers hawakufika tena hatua ya mchujo.

Tuje kwenye kufilisika. Hapa ndipo panapohitaji maelezo ya taratibu, kwa kuwa neno hilo linatumika ovyo. Timu ilikuwa ikipata hasara, lakini haikuvunjwa na mahakama wala na wadai. Mishahara ya wachezaji ilipanda kwa kasi katika miaka ya 1990, wakati ligi ilikuwa haijaweka kikomo cha mishahara, kilichokuja baadaye sana mwaka 2005. Timu za miji mikubwa zilifidia kwa haki za runinga na kwa vyumba vya kifahari ambavyo makampuni huvikodi kwa mwaka mzima. Ukumbi wa Hartford haukuwa na vyumba vya kutosha vya aina hiyo, haukuwa mali ya timu, na makampuni ya bima na ya majengo yaliyokuwa mhimili wa mji yalikuwa yenyewe yameyumba. Shabiki wa kawaida aliendelea kuja, lakini tiketi yake peke yake haikuweza tena kulipa gharama.

Mwaka 1994 timu ilinunuliwa kwa dola milioni 47.5 na Peter Karmanos, mfanyabiashara wa programu za kompyuta kutoka Detroit, akiahidi kukaa miaka minne. Zikafuata kampeni za kuuza tiketi za msimu, na watu walijitokeza kwa wingi. Baadaye yakawa mazungumzo na gavana John Rowland juu ya ukumbi mpya wa dola milioni 147.5. Yakavunjika. Tarehe 26 Machi 1997 ilitangazwa kwamba timu itaondoka msimu ukiisha, na wakati huo hata haikujulikana inakwenda wapi. Ililipa dola milioni 20.5 ili iruhusiwe kuondoka mwaka mmoja mapema. Nani alikosea? Wenyeji wamegawanyika hadi leo, na ninaona pande zote mbili zina hoja. Serikali ilikuwa na sababu ya kusita kujenga kwa fedha za umma kwa ajili ya mtu mmoja tajiri, na mmiliki alikuwa na sababu ya kusema kwamba ukumbi ule haulipi. Wasio na kosa lolote ni wale walionunua tiketi walipoambiwa kwamba zitaiokoa timu.

Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 13 Aprili 1997 dhidi ya Tampa Bay. Whalers walishinda 2 kwa 1, na bao la mwisho lilifungwa na Kevin Dineen, mchezaji aliyekuwa kijana wa 1986, aliyeuzwa kisha akarudi akawa nahodha. Baada ya king'ora watu hawakutoka. Wachezaji waliteleza polepole kuuzunguka uwanja, wakiwapungia.

Mwezi Mei ikatangazwa kwamba wanakwenda North Carolina, na hapo mwanao anaingia na hoja yake. Katika ligi za Amerika Kaskazini, klabu ni nafasi ndani ya ligi, na nafasi hiyo ni mali ya mwenye kuinunua. Mji hauimiliki, wanachama hawapo, na ligi ikikubali, mwenye nafasi huihamisha pamoja na mikataba ya wachezaji, kumbukumbu za takwimu na haki za jina. Sisi tuliolelewa na klabu za wanachama, ambazo baba anamrithisha mwana kadi, huona jambo hili kama kuhamisha kaburi la babu, ingawa nyumbani pia siku hizi tumeona timu ikiuzwa na kuibuka mkoa mwingine kwa jina jipya. Kisheria, basi, mwanao yuko sahihi: Carolina Hurricanes ni Whalers waliobadilisha mji, jina na rangi. Walicheza Greensboro misimu miwili wakisubiri ukumbi wa Raleigh, kisha mwaka 2006 wakatwaa Kombe la Stanley. Beki Glen Wesley, aliyefika Hartford mwaka 1994, alikuwa miongoni mwa walionyanyua kombe hilo.

Lakini jirani yako naye yuko sahihi. Kilichohama ni karatasi na wachezaji. Kilichokufa ni ule uhusiano wa mji na jina lake. Tofauti hii si ya hisia tu, kwa sababu ligi zenyewe zimeitambua. Timu ya Arizona ilipokwenda Utah mwaka 2024, NHL iliihesabu Utah kuwa timu mpya, na historia ya Arizona haikuhamishwa nayo. Hartford haikupewa heshima hiyo. Wakati ule hali ilikuwa mbaya kwa wengi: Quebec ilipoteza timu 1995, Winnipeg 1996, Hartford 1997, hivi kwamba kati ya zile nne zilizopokelewa 1979 ilibaki Edmonton peke yake. Mwezi Desemba 2018 Hurricanes walivaa jezi za Whalers katika mechi dhidi ya Boston, na wanauza bidhaa za nembo hiyo kwa kuwa haki ni zao. Wapo waliofurahi kuiona kijani ile tena kwenye barafu, na wapo waliozima runinga. Ukiijua hoja hiyo utaelewa kwamba onyo la mzee si ukali wa bure.

Hukuniuliza wazi kama timu itarudi, ila najua swali hilo lipo nyuma ya kila mazungumzo ya Hartford. Winnipeg ilirudishiwa timu mwaka 2011 baada ya ile ya Atlanta kuhamia huko, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Inahitajika timu inayouzwa, mnunuzi, ukumbi wenye hadhi, na ligi inayokubali kwamba kati ya Boston na New York pana nafasi. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, na sitaki kukupa matumaini ambayo siyaamini.

Sasa jezi. Itandaze mezani kwenye mwanga wa dirisha, usiioshe. Anza na nembo, iliyochorwa na Peter Good mwaka 1979: herufi W ya kijani chini, mkia wa nyangumi wa buluu juu, na katikati, kwenye uwazi mweupe ulioachwa na viwili hivyo, herufi H. Watu wengi hukaa nayo miaka bila kuiona hiyo H. Ukiona kijani kikali na buluu ya kawaida bila kijivu, muundo huo ni wa kabla ya 1992. Ukiona buluu nzito na kingo za rangi ya fedha, ni wa 1992 hadi 1997. Lakini muundo haukuambii umri wa kitambaa, kwa kuwa nakala za miundo yote miwili zinatengenezwa hadi leo. Angalia pia isije ikawa ya timu nyingine kabisa: timu ya daraja la pili inayocheza ukumbi uleule, Wolf Pack, iliitwa Connecticut Whale kati ya 2010 na 2013, na timu ya wanawake ilitumia jina hilohilo kuanzia 2015.

Kisha geuza ndani nje. Jezi ya mchezaji ina ukanda imara ulioshonwa upande wa mgongoni, wa kufungwa kwenye suruali ili mpinzani asiivute juu ya kichwa wakati wa ugomvi. Ukanda huo upo pia kwenye jezi za dukani za daraja la juu, kwa hiyo kuwapo kwake hakutoshi. Tafuta mikono iliyochanika na kushonwa, michubuko myeusi ya kisahani cha mpira, alama za magongo, na namba za kitambaa cha tabaka zaidi ya moja. Mshono wa kutengeneza ndio ushahidi bora, kwa sababu mahali pake panaweza kulinganishwa na picha za mechi. Kama huoni lolote kati ya hayo, huenda ni jezi ya shabiki. Jezi za aina hiyo ni nyingi, na thamani yake kubwa ni kwamba ilikuwa ya mzee.

Ukiziona dalili hizo, usikubali bei ya mtu wa kwanza na usimtumie jezi kwa posta. Mpelekee mkadiriaji wa kumbukumbu za michezo ana kwa ana, ambaye yeye mwenyewe si mnunuzi, na umlipe ada yake ya ukadiriaji tu. Kwa picha za magazeti ya zamani, nenda Maktaba ya Umma ya Hartford, kwenye kitengo chake cha historia ya mji. Wahudumu wake watakusaidia bila malipo.

Kabla ya hayo yote, mrudie mzee. Kuuza zawadi bila kumwambia aliyeitoa ndiko kungemkosea, kuliko kulitaja jina la Carolina. Mwambie yupo mtu anayeitaka, na umwulize aliipata wapi, mwaka gani, na alikuwa amekaa sehemu gani ya ukumbi tarehe 13 Aprili 1997. Mchukue na kijana wako mwende naye, na anayoyasema yaandikeni pamoja na tarehe ya siku hiyo, kisha muiweke karatasi hiyo ndani ya mfuko wa pamba pamoja na jezi.